Uzi maalumu: Michoro ya undani ya ujenzi inayosomeka na kujengeka

PenseliKali #1

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wachoraji, wasanifu majengo na wanafunzi wanaotoa michoro ya undani kwa ajili ya saiti. Plani (jengo likitazamwa kutoka juu) na miinuko ya kuta (zikitazamwa kwa mbele) nyingi hutoka safi, ila ukifungua karatasi za undani unakuta ukuta umekatwa katikati, mahali ambapo hakuna kinachotokea, huku makutano ya ukuta na paa, dirisha na sili (kizingiti cha chini ya dirisha), mlango na sakafu yameachwa fundi ajitafutie. Fundi hahitaji kuchorewa namna ya kupanga tofali juu ya tofali. Anahitaji mchoro pale kitu kimoja kinapoishia na kingine kinapoanzia. Hapo ndipo maji hupenya, nyufa huanza, na mafundi wawili wa kazi tofauti hugombana nani alipaswa kuacha nafasi.

Namna ya kujua uchore nini: chora mkato mmoja wa ukuta (ukuta ukionekana kama umepasuliwa wima) kwa skeli ya 1:20, kutoka chini ya msingi hadi juu ya paa, bila kuukatisha. Upitie kwa penseli na uzungushie duara kila mahali nyenzo inapobadilika au ukuta unapogeuka. Msingi na ukuta, ukuta na sakafu, sili, linta (boriti fupi juu ya dirisha au mlango), boriti ya juu, ukingo wa paa. Kisha rudia zoezi hilo kwenye plani. Watu wengi huisahau plani kabisa: ubavu wa dirisha, kona, ukuta wa ndani unapogusa wa nje, kiungo cha kutanuka. Dirisha lililochorwa juu na chini bila ubavu halijakamilika, kwa sababu maji yanayoteremka kwenye kioo huishia pembeni mwa sili, na mkato wa wima hauonyeshi pembeni.

Unene wa mistari: chagua unene tatu tu. Seti ya ISO 128 (kiwango cha kimataifa cha uchoraji) kwa michoro ya ujenzi hupanda mara mbili mbili, mfano mm 0.18, 0.35 na 0.7. Mstari wa 0.7 ni wa kingo za kitu kilichokatwa: zege, tofali, mbao. Wa 0.35 ni wa kitu kinachoonekana nyuma ya mkato. Wa 0.18 ni wa vipimo, mishale ya maelezo na michirizo ya ndani ya nyenzo. Utando wa kuzuia maji una unene wa milimita chache tu lakini ndiyo roho ya mchoro, kwa hiyo uchore kwa mstari mzito uliokatika, hata kama kwa skeli halisi usingeonekana. Na usiuguseshe na mistari ya jirani. Mistari mitatu ikikaribiana chini ya mm 0.7 kwenye karatasi, printa itaifanya kuwa mmoja.

Karibuni tuchangie kwa vipimo na sababu zake.

MkatoWima #2

Mleta uzi umeanza vizuri. Naongeza upande wa skeli, maana unaharibu kazi nyingi.

1:20 ni ya kuonyesha mpangilio. 1:10 ni ya makutano makubwa kama msingi au ukingo wa paa. 1:5 ni ya dirisha, mlango, sili na kopingi (kifuniko cha juu ya ukuta). 1:2 au 1:1 ni ya chuma na alumini, mahali ambapo milimita mbili zinaamua kama kitu kinaingia au hakiingii. Achana na 1:25 na 1:15. Haziko kwenye orodha ya ISO 5455, kiwango cha kimataifa cha skeli, na rula ya skeli ya mtu wa saiti huenda isiwe nazo.

Kipimo rahisi cha kujua kama skeli inatosha: chukua kitu chembamba kuliko vyote unachotaka kionekane. Lipu ya mm 15 kwa 1:20 inakuwa mm 0.75 kwenye karatasi, yaani mstari mnene tu. Kwa 1:5 inakuwa mm 3, na hapo unaweza kuonyesha inapoishia na inavyogusa fremu.

Halafu kuna suala la karatasi kupunguzwa. Mchoro wa A1 ukichapwa kwenye A3, kila urefu unakuwa nusu. 1:10 inakuwa 1:20, na herufi za mm 2.5 zinabaki mm 1.25, ambazo kwa karatasi yenye vumbi na jasho hazisomeki. Ukijua saiti watachapa A3, andika herufi za mm 3.5 kwenye A1, au panga karatasi za undani ziwe A3 tangu mwanzo. Mimi naona ya pili ni bora kwa michoro ya undani. A3 nne hadi sita zinashikika mkononi juu ya jukwaa, A1 haishikiki. Na weka mstari wa skeli uliogawanywa chini ya kila mchoro, ili hata karatasi ikipunguzwa msomaji ajue ukubwa.

NondoNaZege #3

Nakubali, ila skeli isimpe mtu ruhusa ya kupima karatasi kwa rula. Vipimo vyote vinavyohitajika viandikwe. Kama fundi analazimika kupima mchoro, mchoro una pengo.

Kosa linalorudi mara kwa mara ni kufunga mnyororo wa vipimo, yaani kuandika namba ya kila kipande na ya jumla pia. Una ukuta wa 200, pengo la 10, fremu ya 1190, pengo la 10, ukuta wa 200, na jumla 1610. Tolerensi ya saiti (makosa madogo yasiyoepukika) haitakubali vyote viwe sahihi kwa pamoja. Amua ni kipimo gani kitabeba makosa, ukiache bila namba au andika "pengo, angalau 5". Vingine vyote ni amri.

Na tofali zina hesabu yake. Bloku ya 390 × 190 yenye mota (saruji na mchanga wa kuunganishia) ya mm 10 inakupa hatua ya 400 kwa ulalo na 200 kwa wima. Nusu bloku ikitumika, nguzo ya ukuta kati ya nafasi mbili huwa kigawe cha 200 ukitoa 10, na nafasi ya dirisha huwa kigawe cha 200 ukijumlisha 10. Yaani 1210, si 1200. Fremu ya 1190 inakaa na mm 10 kila upande. Ukiandika nafasi 1200, fundi atabana viungo vya mota au atakata bloku, na bloku zilizokatwa huishia pembeni mwa dirisha, mahali penye skrubu za fremu. Kwa wima angalia linta: ya kutupwa kabla inakaa juu ya mota ya mm 10, ya kumwaga palepale haina mota hiyo. Tofauti ya mm 10 inatosha kuifanya fremu igome kuingia.

UsawaSafi #4

Mkuu NondoNaZege, mnapimia wapi, uso wa tofali au uso wa lipu? Naona ofisi nyingine zinapima uso wa mwisho ili mteja apate chumba cha ukubwa alioahidiwa.

NondoNaZege #5

Uso wa tofali au zege, kwa sababu ndio uliopo siku ya kupima. Lipu bado haipo. Kipimo cha uso wa mwisho kinaruhusiwa pale ambapo sheria au kifaa kinakidai: upana wazi wa mlango, upana wa ngazi, nafasi ya kabati. Hapo andika wazi "kati ya nyuso zilizokamilika". Ukichanganya aina mbili kwenye mnyororo mmoja bila kusema, umepoteza mm 30 hadi 40 na hakuna atakayejua zilipotelea wapi.

Ngazi ndiyo inayoadhibu zaidi. Chukua urefu wa mm 3000 kutoka sakafu iliyokamilika hadi sakafu iliyokamilika, vipandio 18. Kila kimoja ni 166.67. Usiandike 167, maana 18 × 167 ni 3006. Andika "vipandio 18 sawa = 3000" na fundi agawanye kwa kamba au fimbo ya kupimia.

Sasa sakafu ina skridi (tabaka la saruji la kusawazisha) na vigae jumla mm 65, lakini ngazi yenyewe ina vigae na gundi mm 30 tu. Zege la ngazi likimwagwa kwa vipandio sawa, ngazi iliyokamilika itakosea chini na juu. Kwenye zege, kipandio cha kwanza kinatakiwa kiwe 166.7 + 65 − 30 = 201.7, vya katikati 166.7, na cha mwisho 166.7 − 65 + 30 = 131.7. Bila kuonyesha hivyo, mtu anayepanda atakuta kipandio cha kwanza kiko chini kwa mm 35 na cha mwisho kiko juu kwa mm 35. Watu hujikwaa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo, kwa sababu mguu huzoea urefu wa hatua baada ya vipandio viwili vitatu.

Kwa hiyo mchoro wa ngazi uwe na mistari miwili, zege kwa mstari mzito na umalizio kwa mwembamba, na vipandio vitatu viandikwe vipimo vya zege: cha chini, cha katikati, cha juu. Na kila alama ya usawa kwenye mkato iseme ni ya zege au ni ya sakafu iliyokamilika. Namba "+3.000" peke yake haitoshi.

MajiHayapandi #6

Naomba nizungumzie maji, maana ndiyo sababu kubwa ya michoro hii kuwepo.

Kabla ya kuandika neno lolote kwenye mchoro, chukua kalamu ya bluu na ufuate mstari wa kuzuia maji kutoka chini ya sakafu, kupanda ukutani, kuzunguka dirisha, hadi juu ya parapeti (ukuta mfupi wa ukingoni mwa paa) na kushuka upande wa pili. Kalamu isinyanyuke. Ikinyanyuka, umepata mahali pa kuvuja. Fanya hivyo tena kwa kalamu nyekundu kwenye insulesheni (tabaka la kuzuia joto) kama jengo linayo. Mahali mstari unapovuka kiungo cha nyenzo mbili, jiulize nani anapishana na nani. Tabaka la juu sikuzote lilale juu ya tabaka la chini, ili tone linaloteremka lisikutane na mdomo uliofunguka juu.

Sili ya dirisha, kwa mpangilio:

Mteremko uwe mm 15 kwa kila mm 100, yaani kama digrii 8.5. Sili tambarare hurudisha maji kwenye fremu upepo ukivuma.

Ukingo utokeze angalau mm 50 kutoka uso wa lipu ya nje. Hapa ndipo wengi hukosea: wanachora 50 kutoka uso wa bloku, halafu lipu ya mm 20 inakula, zinabaki 30. Chini ya ukingo weka mfereji mdogo wa mm 10 × 10 wa kukatia tone, na onyesha kwamba lipu haifiki kwenye mfereji huo. Mfereji uliojazwa lipu haufanyi kazi, na fundi lipu ataujaza kama mchoro haujamwambia aishie wapi.

Ncha za sili ziwe na kizuizi kilichopanda, au sili iingie ndani ya ukuta kila upande na iwe na sehemu bapa ya kukaa ubavu. Utando chini ya sili upande nyuma ya fremu na pia pembeni mwake. Mkato wa wima hauonyeshi pembeni, kwa hiyo chora picha ndogo ya pande tatu ya kona hiyo. Mchoro mmoja wa kona ya sili, hata wa mkono, unazuia uvujaji kuliko mikato mitano.

Juu, chini ya linta, weka tena mfereji wa kukatia tone au ukanda wa chuma wenye mdomo. La sivyo maji yatatambaa chini ya linta hadi kwenye fremu.

PenseliKali #7

Mkuu MajiHayapandi, hapo kwenye kona umegusa jambo zito. Mikato huonyesha vitu katika bapa moja, na kona zina bapa tatu. Kila utando unaogeuka sehemu mbili kwa wakati mmoja uchorwe kwa pande tatu, ukionyesha mahali pa kukata, pa kukunja na pa kubandika kiraka. Hatua tatu ndogo zikiwa pembeni kwa pembeni, namba 1, 2, 3, zinatosha. Kona ya bafu, kona ya parapeti, na bomba linalopita kwenye paa ni za lazima.

ParapetiMoja #8

Kuhusu paa bapa kuna kosa la hesabu ambalo halionekani kwenye mchoro mmoja. Utando wa paa unatakiwa kupanda ukutani angalau mm 150 kutoka uso uliokamilika wa paa. Watu huchora parapeti kwenye tundu la kutolea maji, ambapo paa liko chini kabisa, na wanaonyesha mm 300 kwa raha. Lakini mteremko wa kusanifu ni 1:40, ili baada ya slebu (bamba la zege) kupinda na kasoro za saiti usipate chini ya 1:80. Kwa umbali wa mita 8 kutoka kwenye tundu, 1:40 ni mm 200. Upande wa mbali utando unabaki na kimo cha mm 100 tu, na kizingiti cha mlango wa kutokea paani kiko upande huohuo. Mvua kubwa ikija na tundu likiziba, maji yataingia ndani.

Chora parapeti mara mbili: kwenye tundu na kwenye sehemu ya juu ya mteremko. Andika vipimo vyote viwili. Kisha shuka na vipimo hivyo hadi kwenye usawa wa slebu na wa mlango, uone kama kizingiti kinahitaji kuinuliwa. Hilo likigunduliwa baada ya slebu kumwagwa, suluhisho zote ni mbovu.

Kopingi iteremkie ndani, upande wa paa, ili uchafu usichirizike kwenye ukuta wa mbele. Itokeze pande zote mbili, iwe na mifereji ya kukatia tone pande zote mbili, na chini yake kuwe na utando unaovuka upana wote wa ukuta. Viungo vya kopingi vitafunguka siku moja, chochote utakachovijazia. Utando ulio chini ndio unaolinda ukuta siku hiyo.

UsawaSafi #9

Swali kwa wote. Mnaandikaje maelezo? Nimeona michoro yenye namba kwenye duara na orodha pembeni, na mingine yenye sentensi nzima kwenye kila mshale. Ipi ni bora?

MkatoWima #10

Kwa saiti, sentensi fupi kwenye mshale. Namba na orodha ni nzuri kwa ofisi yenye jengo kubwa na maelezo yanayorudiwa mara mia, kwa sababu ukibadilisha mahali pamoja yanabadilika kote. Lakini fundi aliye juu ya ngazi hawezi kutafuta "14" kwenye ukurasa mwingine. Ukitumia namba, orodha ikae kwenye karatasi ileile.

Maelezo mazuri yanajibu mambo manne: nini, unene au ukubwa gani, kimefungwa na nini, na kwa nafasi gani. "Fremu ya alumini imefungwa kwenye ukuta" haisemi kitu. "Fremu ya alumini, skrubu za chuma kisichoshika kutu kipenyo mm 8, za kwanza mm 150 kutoka kona, kisha zisizidi mm 600" imesema. Maneno kama "inavyofaa", "inavyohitajika", "kwa ubora mzuri" yafute kabisa. Yanamwachia mtu mwingine uamuzi ambao ni wa msanifu, na mkadiriaji majenzi hawezi kuyawekea gharama.

Ubora wa nyenzo, mchanganyiko wa mota na aina ya rangi viwe kwenye hati ya masharti ya kazi, visirudiwe kwenye mchoro. Kitu kikiandikwa mahali pawili, siku moja kitarekebishwa mahali pamoja, kisahaulike pengine.

Panga maelezo kwenye safu moja au mbili, kingo zikiwa zimenyooka, na yafuate mpangilio wa nyenzo: kutoka nje kwenda ndani, au juu kwenda chini. Mishale isikatizane, isipite juu ya vipimo, na ncha yake iguse kitu chenyewe. Mshale unaoishia kati ya lipu na utando huzaa maswali. Na michirizo ya nyenzo iachie nafasi nyuma ya maandishi. Zege lina vidoto na pembetatu, tofali lina mistari ya digrii 45. Mahali tofali linapogusa tofali la aina nyingine, geuza mwelekeo wa mistari, la sivyo vinaonekana kitu kimoja.

SkrubuNne #11

Nataka kuuliza kitu ambacho michoro mingi haijiulizi: mkono unafikaje? Unaona skrubu imechorwa nyuma ya fremu, ndani ya pengo la mm 15, na kichwa chake kinatazama ukuta. Bisibisi haiingii hapo, wala drili.

Baada ya kumaliza mchoro, uandike namba za mpangilio wa kazi kwa penseli: 1 bloku, 2 utando, 3 sili, 4 fremu, 5 lipu ya nje, 6 silanti (kizibo laini cha mapengo). Kisha ujifanye fundi wa kila hatua. Je, kitu cha hatua ya 3 kinaweza kuwekwa wakati cha 2 kiko tayari bila kukitoboa? Je, fundi wa hatua ya 5 ataharibu cha hatua ya 4? Fremu ikiwekwa kabla ya lipu, onyesha kinga yake, kwa sababu saruji mbichi hula alumini. Kama mpangilio una utata, acha namba hizo zichapwe kwenye mchoro.

Tena angalia skrubu inaingia kwenye nini. Bloku ya tundu ina kuta nyembamba, na boliti ya kutanuka huzipasua. Bloku zinazobeba bawaba au vishikio zijazwe zege, na hilo lionekane kwenye mchoro wa ubavu, kwa sababu baada ya ukuta kuinuka hakuna wa kurudi kuzijaza. Na hesabu urefu: ubao wa mm 18, insulesheni mm 30, na unataka skrubu ishike mm 40 ndani ya plagi. Inatakiwa iwe angalau mm 88, kwa hiyo andika 90. Skrubu ya 60 inayochorwa kwa mazoea itashika mm 12 tu.

MajiHayapandi #12

Umeitaja silanti, mkuu. Hapo pia pana hesabu. Alumini hutanuka kama sehemu 24 kwa milioni za urefu wake kwa kila digrii ya selsiasi. Fremu ya mita 3, tofauti ya joto digrii 50: 3000 × 0.000024 × 50 = mm 3.6. Silanti yenye uwezo wa kutanuka na kubanwa asilimia 25 inahitaji pengo la 3.6 ÷ 0.25 = mm 14.4, kama fremu imefungwa upande mmoja na mwendo wote unakwenda upande mwingine. Ukiifunga katikati ikawa huru pande zote mbili, kila upande una mm 1.8 na pengo la 7.2 linatosha kwa hesabu. Chora 10 ili kubeba makosa ya ukuta. Basi sehemu ya kufungia inaamua upana wa pengo, na hiyo ni kazi ya mchoraji kuionyesha.

Umbo la silanti nalo lichorwe. Kina kiwe karibu nusu ya upana, kisipungue mm 6. Nyuma yake kamba ya povu, nene kuliko pengo kwa robo hivi, mfano mm 13 kwenye pengo la 10, ili ibane. Kamba hiyo inazuia silanti isishike nyuma. Silanti inatakiwa ishike nyuso mbili tu zinazotazamana. Ikishika ya tatu haiwezi kunyooka, inachanika katikati. Duara dogo lenye neno "silanti" halimwambii fundi lolote kati ya hayo.

KaziMbichi #13

Wakuu, mimi naanza. Ofisini kuna maktaba ya michoro ya undani ya miradi iliyopita. Ninaruhusiwa kuitumia kwa kunakili?

ParapetiMoja #14

Itumie kama mwanzo. Kabla ya kuibandika, kagua unene wa ukuta, aina ya paa, uelekeo wa mteremko na usawa wa ardhi. Mchoro wa ukuta wa 230 ukibandikwa kwenye mradi wa ukuta wa 190, sili inabaki fupi au ndefu kwa mm 40 na fremu inakaa kwenye mstari usio wake. Hatari kubwa ya kunakili ni vipimo vilivyoandikwa kwa mkono juu ya kipimo cha programu. Mchoro umebadilishwa, namba imebaki ya zamani. Zima kwenye programu ruhusa ya kuandika hivyo, au tafuta vipimo vyote vilivyobadilishwa kwa mkono kabla ya kutoa karatasi.

Kwa mnaotumia modeli ya pande tatu: modeli ya kiwango cha 1:100 ukiikata na kuikuza hadi 1:5 haikupi mchoro wa undani. Inakupa masanduku makubwa yaliyogusana. Tumia mkato wa modeli kama mandharinyuma, upate nafasi sahihi za kuta na usawa, halafu chora juu yake utando, viungo, skrubu na mifereji. Modeli ikibadilika, mandharinyuma itasogea na ulichochora juu hakitasogea, kwa hiyo kagua kila karatasi baada ya mabadiliko.

Michoro ya mtengenezaji wa dirisha au utando nayo ni msaada, ila huishia kwenye ukingo wa bidhaa yake. Ukuta wake huwa mstari usio na unene. Pengo kati ya bidhaa yake na ukuta wako ni lako.

NondoNaZege #15

KaziMbichi, ongeza na michoro ya mhandisi. Weka mkato wako juu ya wake kwa skeli moja na uangalie mambo matatu: usawa wa juu wa slebu, kimo cha boriti juu ya dirisha, na nondo zinapita wapi. Mara nyingi boriti ya mhandisi inashuka mm 50 au 100 chini ya linta uliyochora, na dirisha linagonga. Kama unataka mfereji wa kukatia tone chini ya zege, mwambie mhandisi mapema. Mfereji wa kina cha mm 10 unapunguza zege linalofunika nondo kwa mm 10, na huenda akahitaji kuinua nondo.

KaziMbichi #16

Asanteni sana wakuu. La mwisho: mchoro ukishatoka na ukabadilika, mnauonyeshaje?

MkatoWima #17

Zungushia wingu sehemu iliyobadilika, weka pembetatu yenye herufi ya toleo, na kwenye jedwali la karatasi andika tarehe na kilichobadilika kwa maneno: "Sili imeongezwa kutokeza kutoka mm 50 hadi 60", si "marekebisho ya jumla". Toleo jipya likitoka, wingu la zamani lifutwe, la sivyo karatasi inajaa mawingu na hakuna anayejua lipi ni la leo. Namba ya mchoro isibadilike kamwe baada ya kutoka. Duara la rejea kwenye plani lina namba ya mchoro juu na namba ya karatasi chini, na ukihamisha mchoro kwenda karatasi nyingine rejea zote kwenye plani na mikato zinapotea. Mchoro ukifutwa, acha nafasi yake na uandike "umefutwa".

Na kabla ya kutoa, mpe mtu ambaye hakuuchora akueleze kwa mdomo namna atakavyoujenga, hatua kwa hatua, wewe ukiwa kimya. Pale atakaposita, ongeza kipimo au maelezo.